Kipawa Walipokuwa Wakisubiri

Mwaka 1997 wathamini waliingia Kipawa na mitaa jirani ya Kigilagila na Karakata, kule kunakopakana na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Uwanja ulitakiwa kupanuliwa na watu walitakiwa kupisha. Nyumba zikathaminiwa, fomu zikajazwa, wenye nyumba wakaambiwa wasubiri. Wakasubiri zaidi ya miaka kumi.

Sisi wa Segerea jambo hili si la mbali. Kipawa imo ndani ya jimbo letu la uchaguzi, pamoja na Kiwalani, Vingunguti, Tabata na Kinyerezi, na wengi tuna ndugu au marafiki waliohamishwa kwenda kuanza upya upande wa Pugu. Nalieleza leo kwa sababu huku kwetu ujenzi haulali, na kila wiki kuna kijana anayeuza kila alichonacho ili apate kiwanja cha hatua ishirini kwa ishirini kutoka kwa dalali. Kijana huyo anajua bei ya tripu ya mchanga na bei ya mfuko wa saruji. Sheria inayosema atalipwa nini siku akiambiwa apishe hajawahi kuiona.

Anayeishi katika nyumba iliyothaminiwa huwa yumo kifungoni. Akiongeza chumba, hakitahesabiwa. Akijenga fremu ya duka mbele, ni pesa ya kutupa. Paa likivuja anajiuliza kama ni busara kununua bati jipya. Mpangaji mzuri anahama, kwa sababu hakuna anayetaka kukaa mahali pa kuondoka. Benki haimkopeshi mtu kwa dhamana ya nyumba inayongoja kubomolewa. Watoto waliokuwa darasa la kwanza siku mthamini alipopita wanamaliza sekondari, na ile hesabu ya mwaka 1997 bado iko palepale, wakati saruji imepanda, nauli zimepanda na viwanja vya Segerea vyenyewe vimepanda mara nyingi.

Katika muda huohuo wa kusubiri, sheria ya ardhi ya nchi ilibadilika.

Bunge lililochaguliwa Oktoba 1995, chini ya Spika Pius Msekwa, lilikuwa la kwanza kupatikana kwa uchaguzi wa vyama vingi tangu vyama hivyo virudishwe mwaka 1992. Katika miaka yake mitano lilifanya mengi, lakini lililogusa nyumba ya kila mtu ni la Februari 1999, lilipopitisha sheria mbili kwa pamoja: Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5. Rais Benjamin Mkapa alizitia saini Mei mwaka huo, na zikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

Tofauti yake na sheria ya zamani kwenye fidia ni kubwa. Chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, mtu alilipwa kwa kile alichokiendeleza: nyumba, mazao, kisima. Ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na bei. Sheria ya mwaka 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na thamani ya soko iingizwe. Kanuni za mwaka 2001 zikafafanua: posho ya usumbufu, posho ya makazi ambayo ni kodi ya pango ya miezi 36, gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali wa kilomita 20, na riba ikiwa malipo yatachelewa. Mwenye nyumba ya vyumba vinne na uwanja mpana nyuma anaweza kuona mwenyewe pengo lililopo kati ya hesabu hizo mbili.

Basi wa Kipawa wakauliza swali ambalo yeyote angeuliza. Tunalipwa leo, sheria mpya ipo, kwa nini tupigiwe hesabu ya zamani? Jibu lilikuwa kwamba uthamini wao ulifanyika kabla ya sheria hiyo kuanza kazi. Tarehe iliyoandikwa juu ya fomu ikawa na uzito kuliko nyumba yenyewe. Wapo waliokuwa na hoja nzuri sana, lakini walikuja kuitoa wakati fomu zilishakauka wino.

Sheria hizi hazikutungwa usiku mmoja. Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, mwenyekiti wake akiwa Profesa Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tume ilizunguka nchi, ikafanya mikutano 277 iliyohudhuriwa na watu wapatao 83,000. Wananchi walisema wazi kinachowauma: ardhi inachukuliwa bila wao kuulizwa, na wanaoigawa hawawajibiki kwao. Tume ikapendekeza kwamba mamlaka ya juu ya ardhi yatoke mikononi mwa Serikali: ardhi ya taifa iwe chini ya chombo cha makamishna kinachojitegemea, na ardhi ya kijiji iwe mali ya mkutano mkuu wa kijiji. Serikali ilikataa. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ikabakiza ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi, na Bunge likaliweka hilo ndani ya sheria. Ubishi juu ya kifungu hicho haujaisha, na kwa maoni yangu haupaswi kuisha, kwa sababu mdhamini anayeweza kumwondoa anayemdhamini anahitaji kuwekewa mipaka iliyo wazi kuliko ile iliyopo.

Kabla ya hapo Bunge lilishawahi kuonywa. Mwaka 1992 lilipitisha Sheria Na. 22 iliyofuta haki za kimila za watu waliopoteza mashamba wakati wa operesheni ya vijiji, na ikawafungia hata njia ya mahakamani. Baba na mwanawe kutoka kijiji cha Kambi ya Simba, mkoani Arusha, walikuwa wameshinda kesi na kurudishiwa shamba lao. Sheria mpya ikataka kuwanyang'anya ushindi huo. Walikwenda Mahakama Kuu wakashinda, Serikali ikakata rufaa, na Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiongoza, ikasema kuwa haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Ikaongeza jambo ambalo kila mwenye shamba angepaswa kulijua: hata pale pasipo na jengo, jasho lililomwagwa juu ya ardhi lina thamani. Kesi hiyo ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay ndiyo iliyofungua mlango wa yale yaliyoandikwa mwaka 1999. Wakulima wawili waliokataa kunyamaza wamewasaidia watu wasiowahi kuwasikia.

Miswada ya mwaka 1999 ilikuwa minene, na iliandikwa kwa Kiingereza. Aliyeiandaa ni Profesa Patrick McAuslan, Mwingereza aliyewahi kufundisha sheria hapa Dar es Salaam, na Sheria ya Ardhi peke yake ina vifungu zaidi ya 180. Mwenyekiti wa mtaa wa Kipawa angeisoma vipi? Tafsiri ya Kiswahili ilikuja baadaye. Ilibidi tufike mwaka 2021 ndipo Bunge likapitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama.

Hata wanasheria walijikwaa humo. Sheria Na. 4 inapoeleza ardhi ya jumla, inaingiza pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria Na. 5, pacha wake, haisemi hivyo. Shamba lililolazwa lipumzike, au malisho yanayongoja masika, linakuwa la kijiji ukisoma kitabu kimoja na la Kamishna wa Ardhi ukisoma kingine. Watu wa mijini tunadhani hilo ni la wafugaji wa Kilosa au Loliondo. Kumbe Kinyerezi na Bonyokwa, ambako leo tunagombania njia ya bajaji, watu wazima wa hapa wanakumbuka mihogo na mikorosho.

Waliofuatilia walipata kitu. Wanawake wanasheria wa chama chao, TAWLA, na wenzao waliunda kikosi kazi cha jinsia na ardhi mwaka 1997, wakaifuata miswada kifungu kwa kifungu, wakazungumza na wabunge, wakaandika mapendekezo. Matokeo yake yapo ndani ya sheria: mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawasawa na mwanamume, na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mjane wa Segerea anayekataa shemeji zake wasimtoe ndani ya nyumba anasimama juu ya kazi ya kinamama hao, hata kama hajui majina yao. Mabenki nayo yalifuatilia. Yalilalamika kwamba sheria inafanya rehani iwe ngumu, na mwaka 2004 Bunge likafanya marekebisho yaliyowarahisishia mkopeshaji na mwekezaji. Asiyekuwapo na lake halipo: upande wa mwenye kiwanja kisichopimwa haukuwa na mtu wa kusubiri kwenye korido za Dodoma.

Huku mtaani bado tunaendelea vilevile. Mkataba wa mauziano unaandikwa kwenye karatasi ya mistari, mashahidi wawili kila upande, picha ndogo za pasipoti zimebanwa kwa stepla, muhuri wa serikali ya mtaa juu, asilimia kumi ya mtaa imelipwa, watu wanapeana mikono na soda inanunuliwa. Karatasi ile ina kazi yake, na mahakama huiangalia. Lakini haimwambii mnunuzi kama eneo limo kwenye ramani ya barabara, bomba la gesi au njia ya umeme mkubwa. Habari hiyo iko kwa mpimaji na afisa mipango miji wa halmashauri, na kuiuliza ni haki ya mnunuzi kabla hajatoa hata shilingi.

Na mthamini akipita kwako, usiweke saini kwenye fomu usiyoisoma. Angalia tarehe. Angalia ukubwa wa eneo, maana wengi huhesabiwa nyumba na kusahauliwa uwanja. Uliza unathaminiwa kwa sheria ipi. Baki na nakala. Tangu Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, uthamini wa fidia usiolipwa ndani ya miaka miwili unakwisha nguvu na lazima ufanywe upya. Kifungu hicho kingekuwapo mwaka 1997, Kipawa wangethaminiwa upya kabla ya mwaka 2000.

Mabadiliko yanaendelea kupita kimyakimya. Mwaka 2021, katika sheria ya marekebisho mbalimbali, Bunge liliondoa mamlaka ya mabaraza ya kata kuhukumu kesi za ardhi. Sasa yanasuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wapo majirani ambao mpaka leo wanapanga foleni kwenye ofisi ya kata na faili kwapani, wakidai wapewe hukumu na watu ambao sheria haiwaruhusu tena kuitoa, na siku zao za kudai zinapungua.