Nani Aliharibu Kikaango?

Jumamosi moja mwaka juzi nilitoka soko la Burma na kilo moja ya nyama, nikavuka Barabara ya Jogoo kwa miguu hadi nyumbani, Kaloleni. Nilimkuta msichana aliyekuwa akinisaidia kazi za nyumba amechuchumaa kando ya mfereji, mikono imejaa povu, anatabasamu. Mbele yake palikuwa na kikaango cha marehemu mama yangu. Kilikuwa kinang'aa.

"Anti, si uone! Nimeisugua hii pani mpaka imekuwa mpya."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote hapa. Moja lilihusu kwao ushago na jinsi ninavyodhani watu wa huko wanavyoishi. Jingine lilihusu mshahara wake. Hakujibu. Aliosha mikono, akaniwekea kikaango juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaingia ndani kukata vitunguu.

Kwa asiyejua vikaango vya aina hiyo, hasira yangu itaonekana ya kichaa, kwa hivyo acha nieleze. Ni kikaango cha chuma cha kumimina, kizito kiasi kwamba ukikiinua kwa mkono mmoja kifundo kinalalamika. Hakina ile ngozi laini ya dukani ya kuzuia chakula kushika. Weusi wake hutengenezwa na mpishi mwenyewe. Unapaka mafuta kidogo, unayafuta kana kwamba umejuta kuyapaka, unakiweka juu ya makaa mpaka kitoe moshi, na moshi uishe. Joto hilo huyageuza mafuta. Hayawi mafuta tena, yanakuwa ngozi kavu na ngumu iliyoshikana na chuma. Unarudia mara kadhaa, halafu unaanza kupika, na kila chapati inaongeza chake. Mwishowe chakula hakishiki, na kutu haipati pa kuingilia.

Kiswahili kina neno linalofaa hapo: kukolea. Chumvi hukolea kwenye mchuzi, rangi hukolea kwenye kitambaa, moto hukolea kwenye makaa. Kitu kilichokolea kimeingiwa na kingine mpaka macho hayawezi kuvitenganisha. Kikaango cha mama kilikuwa kimekolea hivyo. Kwenye kikaango hicho alipika chapati za Krismasi na za matanga ya majirani. Kuna mwaka mzima aliuza chapo madondo mlangoni ili mimi nilipiwe karo. Alipofariki, ndugu zangu walichukua viti na redio. Mimi nikaomba kikaango.

Kwa hivyo siku ile sikuona chuma kilichooshwa. Niliona mama amefutwa kwa waya ya sufuria na sabuni ya unga.

Jioni shosho wa nyumba ya pili alikuja kuomba makaa mawili ya kuwashia jiko. Nilimweleza kisa chote nikitarajia anionee huruma. Alisikiliza mpaka mwisho, akakitazama kikaango, akanitazama mimi.

"Na ulikuwa umemwambia?"

Nilisema hiyo ni kitu ya kujulikana. Akasema, "Na nani?" Akachukua makaa yake akaenda.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilibeba swali hilo. Mtu akifanya ubaya kwa nia njema, kwa sababu hakujua, na aliyejua alinyamaza, kosa ni la nani?

Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa rahisi: madhara ni madhara. Gari likikugonga kwa bahati mbaya mguu huvunjika vilevile. Lakini hilo linajibu swali jingine. Linaniambia nimepoteza nini, haliniambii nani wa kulaumiwa. Ningeweza kuomboleza kikaango bila kumtukana mtu. Kuvunjika kwa mguu ni jambo moja, na kumwita dereva mwuaji ni jambo jingine linalohitaji ushahidi wake.

Nikauangalia ushahidi. Tangu aingie nyumbani kwangu, msichana yule alikuwa amefundishwa sheria moja ya jikoni: chombo kisichong'aa ni kichafu. Huku mitaani kwetu hiyo ni sheria nzito. Sufuria za mwanamke zikianikwa juani zikiwa na masizi, jirani atasema kitu, na asiposema kwa mdomo atasema kwa macho. Tulipokuwa wadogo tulisugua sufuria kwa jivu na mchanga mpaka ukaweza kujiona meno. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemrudishia sufuria ya uji mara mbili wiki yake ya kwanza. Siku ile alikuta chombo kimoja jikoni ambacho ni cheusi ndani na nje, akafikiri wengine waliomtangulia walikuwa wavivu. Akatumia saa nzima ya Jumamosi yake kutii sheria yangu. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kunisikiliza vizuri kupita kiasi.

Mtu anaweza kupinga hapo, na upinzani huo una uzito. Si angeuliza? Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hata Aristotle, katika maandishi yake ya maadili, alisema kwamba kitendo cha kutojua si cha hiari ikiwa mtendaji anasikitika baada ya kujua. Lakini aliongeza kwamba kuna kutojua ambako kwenyewe kunastahili adhabu, pale ambapo mtu alipaswa kujua na hakikuwa kitu kigumu kujua. Kuuliza "anti, hii inaoshwaje?" kunachukua sekunde tatu.

Nilifurahia hoja hiyo kwa siku mbili. Kisha nikakumbuka jinsi maswali yalivyokuwa yakipokewa nyumbani kwangu. Wiki chache kabla ya hapo aliniuliza kama mchele unaoshwa mara ngapi. Nilivuta pumzi, ile pumzi ndefu ya mtu aliyechoka, nikasema, "Kwani kwenu hampiki?" Msichana wa miaka ishirini, anayelala kwenye kochi langu na kulipwa na mimi mwisho wa mwezi, alijifunza siku hiyo bei ya swali. Methali inasema kuuliza si ujinga, lakini haisemi kwamba kuuliza ni bure. Kwa tajiri wa nyumba kuuliza ni udadisi. Kwa anayeajiriwa, swali moja zaidi linaweza kuwa sababu ya kurudishwa kwenye basi. Kwa hivyo nikirudi kwa Aristotle na kuuliza ni nani angeweza kuondoa kutojua kule bila kugharamika, naona kidole kinageuka kunielekea.

Shosho alirudi Jumanne na hadithi ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Kabla sijazaliwa, mama alifanya kazi ya nyumba kwa familia ya Wahindi kule Ngara. Nilijua alifanya kazi Ngara. Nilichokuwa sijui ni kwamba kikaango kilitoka huko. Familia ilipohama, mwenye nyumba alimpa. Na hakumpa hivi hivi. Shosho alisema mama alipenda kusimulia jinsi yule bibi alivyosimama naye jikoni asubuhi nzima, akamwonyesha jinsi ya kupaka mafuta, jinsi ya kufuta, kwa nini maji baridi hayamwagwi kwenye chuma cha kumimina kilicho moto (kinaweza kupasuka), kwa nini nyanya hazichemshwi humo muda mrefu (ukali wake hula ile ngozi), kwa nini waya haikiguse.

Sasa tazama safari ya maarifa hayo. Bibi wa Ngara alimpa mfanyakazi wake kikaango pamoja na sababu. Mama alinipa mimi kikaango pamoja na katazo: "Hii usiguse na waya." Sikumbuki kama aliniambia kwa nini, na sikumbuki kama niliuliza. Mimi nikaajiri mtu na sikumpa hata katazo. Sababu ikawa amri, amri ikawa kimya, na kimya kikazaa waya ya sufuria. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mama alikuwa amesimama pale pale aliposimama msichana huyu, kwenye jiko la mtu mwingine, na aliyemwajiri alimwona kuwa mtu anayestahili kuelezwa.

Miaka ya 1970 Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi, alianza kuwaendea wazee wenye hekima wa Kenya na kuzungumza nao, akitaka kuonyesha kwamba fikra za kina haziishi vitabuni pekee. Katika Sage Philosophy, kitabu chake cha 1990, aliwatofautisha wenye hekima wa aina mbili. Kuna anayeijua mila ya watu wake na kuieleza vizuri, lakini haendi nje yake. Na kuna anayeijua, akaipima, akatoa sababu. Niliposoma hayo zamani nilijiweka kundi la pili bila kufikiri, kwa kuwa nimesoma. Jikoni kwangu mwenyewe sikufika hata la kwanza. Nilikuwa na desturi mkononi tu, na mkono haufundishi mtu aliye chumba kingine.

Jumatano nilikifunga kikaango ndani ya leso nikakipeleka Kamukunji, kule mafundi wa jua kali wanakogonga mabati kuwa masanduku, karai na majiko tangu asubuhi mpaka masikio yazibe. Fundi mmoja alikigeuza mara mbili, akakigonga kwa kidole asikilize kama kina ufa.

"Hii haijaharibika mathe. Imevuliwa nguo tu. Enda uivalishe."

Nikamwambia ile nguo ilikuwa ya miaka thelathini, ya mama yangu. Akacheka, bila ubaya. Akasema hakuna ngozi ya mafuta inayokaa miaka thelathini. Kila ukipika inatoka kidogo na inaingia kidogo. Upawa unakwangua, moto unachoma, mafuta mapya yanajaza. "Ile ya mathe wako iliisha kitambo. Hiyo ilikuwa yako."

Nilirudi kwa miguu nikipitia Gikomba, nikiwaza. Kama fundi alisema kweli, na sioni kosa katika hoja yake, basi mama hakuwa amehifadhiwa kwenye chuma. Kilichotoka kwake hadi kwangu hakikuwa weusi, kilikuwa kazi ya kuurudisha weusi kila siku bila kutambua. Kikaango bila kazi hiyo ni chuma kinachongoja kutu. Kwa hivyo msichana hakufuta urithi wangu. Alifuta matokeo ya miezi michache, yanayoweza kurudishwa kwa mafuta na makaa. Urithi wenyewe ndio niliokuwa nikiuharibu mimi kwa kuukalia kimya, na angalau huo hakuugusa mtu mwingine.

Nilikipaka mafuta jioni hiyo mbele ya mlango. Mara nne, nikifuta kila mara, moshi ukipanda hadi kwenye kamba za nguo za majirani. Msichana alisimama mlangoni akitazama. Hapo ndipo ningemwita na kumweleza. Nilikuwa na kila kitu: jiko, mafuta, sababu, hata hadithi ya Ngara. Lakini kumweleza kungekuwa kukiri mbele yake kwamba nilimtukana kwa kosa langu, na sikuwa tayari. Nikamwambia alete chumvi. Akaleta.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa nimeyaelekeza maneno hayo kwenye kikaango, na huko hayakuwa sahihi. Baada ya wiki tatu chapati zilikuwa zinateleza humo kama zamani. Msichana alimaliza mwezi, akasema amepata kazi Umoja, akaondoka na begi lake. Siku ya mwisho aliacha kila sufuria inang'aa, na kikaango alikiacha mahali pake bila kukigusa. Hakuwahi kukigusa tena.

Miezi kadhaa baadaye nilimpigia simu. Nilimwambia pole kwa yale maneno, nikamweleza kwamba sikuwa nimemwambia na kwamba hilo lilikuwa juu yangu. Kulikuwa na kelele za watoto nyuma yake. "Hakuna shida, anti," akasema. Sote tunalijua jibu hilo. Linaweza kuwa msamaha, na linaweza kuwa njia ya heshima ya kufunga mlango. Sikumuuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Nilikuwa nimeshamdai mambo ya kutosha.

Disemba iliyopita mpwa wangu wa darasa la saba alikuja likizo akataka kujifunza kusukuma chapo. Kabla hajagusa unga nilimkalisha kwenye kigoda nikamwekea kikaango mapajani. Nilimweleza kuhusu mafuta, maji baridi, nyanya na waya, na kwa kila moja nikamwambia kwa nini. Nilimweleza juu ya bibi wa Ngara na bibi yake aliyesimama jikoni kule. Akauliza kama kuna mtu amewahi kukikwangua.

Nikamwambia ndiyo, na nikamsimulia Jumamosi ile yote, pamoja na yale maneno.