Mama, Vidonge Usivitupe



Wiki iliyopita, baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja wa huku kwetu Mgeta alinisubiri nje ya sakristia. Alifungua pindo la kanga, akatoa bahasha ndogo ya zahanati iliyoandikwa kwa kalamu "1 x 1". Ndani mlikuwa na vidonge vya presha, amlodipini, vya mwezi mzima; hakuwa amemeza hata kimoja.

"Padri, hivi ndivyo vilivyommaliza kaka yangu."

Kaka yake, mjomba mwenye kauli katika ukoo kama ilivyo desturi ya Waluguru, alifariki kwa saratani ya utumbo mpana. Alikuwa ametumia dawa za presha miaka tisa. Pale matangani likapita neno kwamba dawa ndizo zilizozaa saratani, na tangu siku hiyo ndugu kadhaa wameacha kumeza.

Sikumkemea, kwa maana hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2018 aina fulani za dawa ya presha iitwayo valsatani ziliondolewa sokoni katika nchi nyingi, kwa kuwa ziligundulika kuwa na kemikali inayodhaniwa kusababisha saratani, iliyoingia wakati wa kuzitengeneza kiwandani. Habari kama hiyo huzunguka, na kila anayeisimulia huongeza lake.

Lakini yapo na mengine. Mwaka 2020 watafiti wa Hong Kong walitoa matokeo ya watu zaidi ya 187,000 waliochunguzwa utumbo kwa kamera na kukutwa hawana saratani. Katika miaka mitatu iliyofuata, waliokuwa wakitumia dawa za presha za jamii ya kaptoprili na losatani walionekana kuwa na hatari ya saratani hiyo pungufu kwa asilimia 22. Mwaka 2021 watafiti wa Oxford na wenzao wakaunganisha majaribio 33 yenye watu zaidi ya 260,000, wasipate ushahidi thabiti kwamba dawa za presha huleta saratani wala kuizuia. Kwa hiyo asiwepo wa kuziogopa kwa ajili hiyo, wala wa kuzimeza kama kinga. Kazi ya dawa hizi ni kushusha presha.

Nikamuuliza yule mama kaka yake aliuguaje. Akainamisha macho.

"Alikuwa akienda choo na damu. Mwaka na nusu, Padri. Akatuambia ni bawasiri. Tulishtuka alipokwisha konda."

Hapo ndipo moyo wangu uliponiuma. Katika Injili ya Marko, sura ya 5, yumo mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, akamjia Yesu kwa nyuma ili asionekane. Nimehubiri mara nyingi juu ya imani yake. Juu ya aibu yake nimehubiri mara chache mno, na nakiri nimekosea. Yesu hakumwacha aondoke kimyakimya. Aliuliza, akasubiri, mpaka mama wa watu akasema yote.

Sisi tumeiogopa bahasha ya dawa, damu tukaificha. Damu chooni inaweza kweli kuwa bawasiri, lakini wa kusema hivyo ni daktari baada ya kuchunguza. Vivyo hivyo choo kinachobadilika kwa wiki kadhaa, au mwili unaopungua bila sababu. Najua barabara yetu wakati wa masika, na najua nauli ya kushuka Morogoro mjini, sembuse ya kwenda hospitali za Muhimbili au Ocean Road. Ugonjwa ukiwahiwa mara nyingi hutibika, na safari ya kuwahi ni nyepesi kuliko ile ya kubebwa.

Tulikwenda pamoja zahanati siku ileile. Muuguzi akampima: 186 kwa 108. Presha ya namna hiyo ikiachwa huleta kiharusi, huharibu moyo na figo, tena bila kumtangulizia mtu maumivu. Mama akaomba maji, akameza kidonge palepale.

Wapendwa, mwenye vidonge vilivyolala nyumbani aende navyo zahanati kesho asubuhi, akazungumze na muuguzi kabla ya kuamua lolote. Na mwenye damu chooni amwambie mtu mmoja leo, hata kama mtu huyo ni mimi.