Dalili Kabla ya Natija

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ama baad. Ijulikane ya kuwa Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 111, amewataka wenye kudai walete dalili ya madai yao. Na wanavyuoni wa mantiki wamebainisha kuwa hoja ina mukadima mbili, yaani maneno yanayotangulia, na natija itokayo humo. Kila mwanadamu atakufa. Zaidi ni mwanadamu. Basi Zaidi atakufa. Lakini mukadima moja ikiwa ya uwongo, hoja ni kama jahazi zuri lenye ubao mmoja mbovu: umbo lapendeza, nalo lazama.

Mfano wake ulidhihiri Songea, nchi ya Wangoni. Mwaka 1905 watu wa Kusini waliinuka kupigana na Wadachi. Kinjikitile wa Ngarambe, bara ya Kilwa, alitoa dawa ya maji, na wajumbe wakaifikisha hata Ungoni. Hoja ilikuwa hii: kila aliyepata maji haya, risasi haimdhuru; mpiganaji huyu ameyapata; basi risasi haitamdhuru. Mpango wake hauna kasoro. Kasoro imo katika mukadima ya kwanza, isiyokuwa na dalili. Na watu walipouawa, ilisemwa kuwa wamevunja miiko. Dai lenye udhuru kama huo halikanushiki kwa jambo lolote, na kwa hiyo halithibiti kwa jambo lolote. Mwaka 1906 wakuu wengi wa Wangoni walinyongwa Songea, naye Nduna Songea Mbano, ambaye mji waitwa kwa jina lake, alikuwa miongoni mwa walionyongwa.

Wala asiseme mtu: maji hayakuzuia risasi, basi vita vyao havikuwa na sababu. Hiyo nayo ni hoja mbovu. Kodi na kulimishwa pamba kwa nguvu ni mambo yaliyoonekana kwa macho, na ubatili wa dawa haubatilishi haki ya aliyedhulumiwa. Kila dai lapimwa kwa dalili yake.

Basi Mwislamu auziwapo hirizi ya kinga, au aletewapo habari barazani, na aulize mambo matatu: Mukadima ni zipi? Dalili yake ni nini? Je, natija yatoka humo? Katika Sura ya Al-Isra, aya ya 36, imebainishwa ya kuwa masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Asiyeuliza leo ataulizwa kesho.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kupambanua haki na batili. Amin.