Je, Kufumba ni Kudanganya?

Wako watu wema waonao kwamba kufumba maneno ni jambo lisilopatana na ukweli. Wasema: Bwana wetu alituagiza ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo; basi mtu asemaye neno moja huku akikusudia jingine ana tofauti gani na mwongo? Swali hili si dogo, wala halifai kujibiwa kwa mzaha. Maana sisi wa nchi hii tumelelewa katika mafumbo: twafundishwa kwa vitendawili, twaonywa kwa methali, twapigana vijembe kwa kanga. Ikiwa kufumba ni kudanganya, sharti tuyaache yote. Ikiwa siyo, yatupasa tujue mpaka uko wapi.

Tuanze na lile tulijualo sote. Jioni, katika nyua za Mwananyamala au Tandika, umeme ukikatika na televisheni ikinyamaza, watoto hukusanyika barazani. Mmoja husema, "Kitendawili!" Wenzake huitikia, "Tega!" Naye hutega: "Nyumba yangu haina mlango." Hapo kila mmoja hupekua akilini mwake. Ni mtungi? Ni jiwe? Wakishindwa, mtegaji hudai mji. Akipewa Bagamoyo na asiupende, huukataa, akapewa Tabora. Akiridhika, husafiri kwa maneno mpaka huko, akala na kunywa, kisha hufumbua: ni yai.

Tuutazame vizuri mchezo huu, maana ndani yake mna sheria tatu. Kwanza, mtegaji hutangaza kwamba anatega, wala hategi mpaka aitikiwe. Hakuna awezaye kulalamika kwamba amevamiwa. Pili, ufunguo wa fumbo umo katika maneno yenyewe: yai kweli ni nyumba, nyumba ya kifaranga, na kweli halina mlango. Tatu, aliyeshindwa akikiri kwa kutoa mji, mtegaji hana ruhusa ya kuondoka na jibu lake. Mwongo hashiki hata sheria moja kati ya hizo. Hatangazi, haachi ufunguo, wala hataki siku ya kufumbuliwa ifike. Mtega kitendawili huficha ili lipatikane. Mwongo huficha ili lisipatikane kamwe. Huo ndio mpaka.

Watu wa mataifa mengine waliufikia mpaka huo huo kwa njia yao. Tarehe 21 Desemba 1913, gazeti la New York World la Marekani lilichapa fumbo la Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, lenye vijumba vitupu vya kujazwa herufi. Ndilo babu wa chemsha bongo tunazoziona magazetini hata leo. Fumbo lile lilikuwa jepesi: swali na jibu lake. Waingereza wakalifanya gumu. Tangu 1926 Edward Powys Mathers alitunga, katika gazeti la Observer, mafumbo ambayo madokezo yake yalikuwa vitendawili vikali, akajiita Torquemada, jina la hakimu wa kutisha wa Hispania ya kale. Lakini ugumu ulipozidi, likazuka swali la haki. Mtungaji mwingine, A. F. Ritchie, aliyejiita Afrit, yaani afriti, aliweka kanuni katika kitabu chake cha 1949: mtungaji hafungwi kukusudia kile anachodhani msomaji kwanza, lakini maneno yake sharti yaseme kweli kile anachokikusudia. Mwalimu D. S. Macnutt, aliyejulikana kwa jina la Ximenes, alizifafanua kanuni za namna hiyo katika kitabu chake cha 1966, na hata leo watungaji wengi hupimwa kwazo.

Tujaribu dokezo la namna hiyo katika lugha yetu: "Kata ikipinduliwa, uchafu (herufi 4)." Msomaji wa Temeke atawaza mara moja juu ya kata yake, diwani wake na mitaro iliyoziba. Amepotezwa, lakini hakudanganywa. Watu wa Pwani wana mchezo wa kinyume, ambao silabi za neno hugeuzwa, ya mwisho ikatangulia. Pindua "kata" upate "taka"; na taka ni uchafu. Au hili: "Ndege avaliwaye na akina mama (herufi 5)." Ni kanga, anayeruka porini na inayofungwa kiunoni. Hakuna neno lililokaa bure, wala lililosema uongo. Aliyefumbua hufurahi, na aliyeshindwa, akionyeshwa jibu, hujipiga paja na kusema, "Alaa!" Hakasiriki, maana ameona kwamba jibu lilikuwa mbele ya macho yake wakati wote. Hiyo "Alaa!" ndiyo hukumu. Fumbo la haki humfanya aliyeshindwa amsifu aliyemshinda.

Na fumbo lisilo la haki lazaa nini? Twasoma katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 14, jinsi Samsoni alivyowategea kitendawili vijana 30 wa Kifilisti katika karamu ya arusi yake, akawawekea dau la mavazi. Jibu lake lilikuwa asali aliyoikuta katika mzoga wa simba. Na simba yule alimwua mwenyewe, asimwambie hata baba yake na mama yake. Samsoni alitangaza kwamba anatega, ni kweli. Lakini ufunguo haukuwamo katika maneno. Ulikuwamo katika siri ya mtu mmoja, ambayo akili yoyote, hata iwe kali namna gani, isingeweza kuifikia. Wale vijana wakamtisha bibi arusi kwamba watamchoma moto pamoja na nyumba ya baba yake, naye akaitoa siri. Samsoni akaenda Ashkeloni, akaua watu 30 ili alipe dau kwa mavazi yao. Karamu ikaishia katika damu.

Pengine msomaji atauliza: je, Fumo Liyongo? Masimulizi ya Pwani yasema kwamba shujaa huyo alipofungwa gerezani Pate, alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake na shairi la fumbo. Mama akaelewa. Akaoka mkate wa wishwa, akaficha tupa ndani yake, akaupeleka pamoja na vyakula vizuri. Walinzi wakala vile vizuri, wakamwachia mfungwa mkate wa wishwa. Naye akakata minyororo yake. Walinzi hawakutangaziwa kitu. Hata hivyo Liyongo hakuwatungia wao fumbo lile. Alimtungia mama yake, naye alipewa ufunguo kamili. Waliofichwa ni watu waliokuwa wakimlinda mpaka siku ya kuuawa kwake, na mtu hana deni la kumfumbulia siri yake anayetaka kumwua. Basi kabla ya kulihukumu fumbo, tuulize limetungwa kwa ajili ya nani, na kama huyo ameachiwa njia ya kulifungua.

Tukishika kipimo hicho, twaweza kurudi nyumbani na kuyapima mafumbo yetu. Kanga ni vazi la heshima, na jina lililoandikwa juu yake mara nyingi ni neno la upendo au shauri la mama kwa binti yake. Lakini wako wanaochagua jina la kanga kwa ajili ya jirani mmoja tu, na kulivaa saa ile ile ambayo jirani huyo yupo bombani akichota maji. Jirani huelewa, tena huelewa sana. Lakini akiuliza, hujibiwa, "Mwenzangu, hii ni nguo tu." Hapo sheria ya tatu imevunjwa. Aliyefumbiwa ametoa mji, wala hapewi jibu. Hawezi kujitetea, maana hakuna aliyemshtaki. Hawezi kupatana, maana hakuna aliyekiri ugomvi. Nyumba moja yenye wapangaji sita yaweza kuishi hivyo mwaka mzima.

Mbaya zaidi ni fumbo lisilotangazwa kabisa. Kila mkaaji wa Dar es Salaam ameisikia mikopo ambayo watu wameipa jina la "kausha damu". Mama muuza vitumbua wa Mbagala apewa karatasi atie sahihi. Riba yahesabiwa kwa juma, naye adhani ni kwa mwezi. Adhabu ya kuchelewa imeandikwa chini kabisa, kwa herufi za kuumiza macho, pengine kwa lugha asiyoijua. Mkopeshaji atasema kwamba yote yalikuwamo katika maandishi. Huenda ni kweli. Lakini hakuna aliyesema "Kitendawili!" wala yule mama hakusema "Tega!" Hakujua kwamba yumo katika mchezo. Na siku ya kushindwa, mji anaodaiwa si Bagamoyo wala Tabora ya maneno. Ni kitanda chake, jokofu lake na cherehani yake.

Basi tusiwanyime watoto wetu vitendawili na chemsha bongo, tukidhani ni upuuzi wa kupotezea saa. Mtoto aliyezoea kutegewa hujifunza kutolimeza neno kabla ya kuligeuza, kuvumilia kutojua kwa muda, na kusema "nimeshindwa" bila haya. Akikwama, tusimkimbilie na jibu, wala tusiiachie simu imjibie; aliyepewa jibu kabla ya kulitafuta hapati ile "Alaa!" Mtoto huyo akikua na kuletewa karatasi ya kutia sahihi, atauliza ufunguo uko wapi. Nasi wakubwa, ambao hatutaacha kufumba, tutangaze tunapotega, tuuache ufunguo ndani ya maneno yetu, na tukipewa mji, tufumbue.