Ahadi ya Mwenye Nguvu

Ahadi ni deni: methali hiyo twaijua sote. Lakini mdai akiwa mnyonge, na mdaiwa akiwa na bunduki nyingi, je, deni hubaki deni? Tutazame mambo yaliyowapata Washawnee, kabila moja la wenyeji wa Marekani.

Washawnee walikaa kando ya mto Ohio. Wanaume waliwinda, wanawake walilima mahindi. Wazungu wakaja kutaka ardhi. Mwaka 1795, baada ya vita, wakuu wengi walitia alama zao katika mapatano ya Greenville. Walitoa sehemu kubwa ya nchi yao, wakaahidiwa kukaa kwa amani katika sehemu iliyobaki.

Hapo Washawnee waligawanyika. Tecumseh alikataa. Alisema ardhi ni ya makabila yote pamoja, wala hakuna kabila liwezalo kuiuza peke yake. Alipigana, akauawa vitani tarehe 5 Oktoba 1813. Lakini mkuu Catahecassa, aliyeitwa pia Black Hoof, ambaye zamani alikuwa shujaa wa vita, alilishika neno lake. Alikaa Wapakoneta na watu wake, wakalima na kufuga, wala hakumfuata Tecumseh.

Uaminifu huo ulilipwa nini? Mwaka 1830 Marekani ilitunga sheria ya kuwahamisha wenyeji. Mwaka 1831 watu wa Wapakoneta walibanwa wakubali mapatano mapya, na mwaka 1832 wakashika njia ya Kansas, mbali upande wa magharibi. Aliyepigana alipoteza nchi; aliyeshika ahadi, watu wake nao waliipoteza. Leo makabila matatu ya Washawnee yana makao yao Oklahoma, na huko wanajitahidi kuwafundisha watoto lugha ya mababu.

Wengine watasema: Basi, Black Hoof alikuwa mjinga. Sisi hatusemi hivyo. Aliyelishika neno lake hana aibu. Aibu ni ya aliyelivunja. Tena, anayelipa deni kwa kuogopa fimbo ameonyesha hofu tu. Haki huonekana pale ambapo mdai hana fimbo.

Nasi tujichunguze. Kibarua anayengoja mshahara wake, mjane aliyeachiwa shamba, yatima tuliyeahidi kumlea: hao hawana askari wa kututisha. Je, tumewalipa?