Mwenye Kuzika Moto Njiani

 



Katika darsa yetu ya Kisauni, baada ya sala ya Magharibi, tulikuwa tukisoma hadithi mashuhuri ya tanzu za imani. Humo Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa utanzu wa juu kabisa ni kumpwekesha Mwenyezi Mungu, na wa chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Nikawaeleza wanafunzi kwamba udhia ni mwiba, ni jiwe, ni kigae cha chupa, ni maji machafu yamwagwayo penye mapito ya watu. Kijana mmoja akaniuliza: "Maalim, na yule aliyezika bomu njiani?" Kabla sijamjibu, mwenziwe akadakia: "Na yule arushaye ndege isiyokuwa na rubani, akaua watu naye yuko mbali amekaa kitini, mbona huyo hasemwi?"

Maswali haya mawili yanastahiki kujibiwa pamoja, na kwa mizani moja. Atakayejibu moja na kulificha la pili amepunja mizani.

Twaanza na bomu la kutegwa. Hapana haja ya kwenda mbali kutafuta hukumu yake. Vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi, tulivyovisoma tangu udogoni, vimeeleza kwamba mtu akichimba shimo katika njia ya watu pasipo haki, na mpita njia akatumbukia akafa, aliyechimba ana dhamana ya damu ile. Hataambiwa, "Wewe hukuwako alipoanguka." Hataachiliwa kwa kusema, "Mimi sikumkusudia huyu." Basi ikiwa hii ndiyo hukumu ya shimo tupu, itakuwaje hukumu ya aliyelijaza shimo baruti na vyuma, akalifukia, akaenda zake, naye ajua kuwa litakalopita juu yake hajui ni nini?

Mwezi wa Juni 2017, katika kaunti ya Lamu, bomu la namna hiyo lilipasuka chini ya gari la polisi. Ndani ya gari hilo walikuwamo watoto wa shule waliopewa msaada wa safari, na wanne miongoni mwao walikufa. Bomu halina macho. Halimjui askari wala halimjui mtoto aliyeshika daftari. Lakini aliyelitega alikuwa na macho, na akili, na sharia imemfikia. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuawa wanawake na watoto hata katika vita vilivyo wazi, jeshi kwa jeshi. Silaha ambayo mwenyewe hawezi kuizuia isimwue mtoto, ataitegaje njiani kisha adai kuwa afuata Sunna?

Tena tukumbuke yaliyotufika sisi wenyewe. Tarehe 28 Novemba 2002, katika kumi la mwisho la Ramadhani, siku ambazo Waislamu hutafuta Usiku wa Cheo, gari lililojaa baruti lilipasuliwa katika hoteli ya Kikambala. Walikufa watu 13, mbali na waliolileta. Kumi kati yao ni wananchi wa Kenya, wakiwamo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwapokea wageni ili wapate riziki ya siku. Asubuhi hiyo hiyo yakarushwa makombora mawili kuielekea ndege ya abiria iliyokuwa ikiondoka uwanja wa Moi, hapa kwetu upande wa Changamwe. Mwenyezi Mungu akayapisha kando. Lau yangaliipata, moto ule ungaliangukia nyumba za nani kama si zetu?

Sasa twaja kwa ndege zisizokuwa na rubani. Wako wanaodhani kuwa umbali hupunguza dhambi, kana kwamba damu ikimwagwa mbali hairuki ikamfikia mwenye kuimwaga. Hili ni kosa. Chombo hakina roho wala hakitafufuliwa kihesabiwe. Atakayehesabiwa ni aliyekiongoza, na aliyemwamrisha, na aliyeleta khabari bila ya kuzihakikisha. Usama bin Zaid (r.a.), kipenzi cha Mtume, alimwua mtu vitani baada ya mtu yule kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuogopa upanga. Mtume alimkemea vikali, akamwuliza kama alimpasua moyo akaona yaliyomo. Usama alikuwa ana kwa ana na mtu wake, amsikia sauti, na bado alikosea. Itakuwaje kwa amwonaye binadamu kama doa dogo juu ya kioo?

Na makosa hayo yametokea. Tarehe 1 Aprili 2018, karibu na El Buur katika nchi ya Somalia, shambulio la ndege ya namna hiyo liliua mwanamke na mtoto. Ulipita mwaka mzima ndipo jeshi la Marekani likakiri kuwa waliouawa hawakuwa wapiganaji. Wala asidhani mtu kuwa jambo hili ni la wasiokuwa Waislamu peke yao. Tarehe 19 Septemba 2025, siku ya Ijumaa, katika mji wa El Fasher nchini Sudan, ndege kama hiyo iliupiga msikiti watu wakiwa katika sala ya Alfajiri, wakafa zaidi ya sabini. Waliosali ni Waislamu, na walioshutumiwa kuirusha ni Waislamu. Dhulma haibadiliki jina kwa kubadilika mkono.

Huenda mtu akasema: "Je, Mtume hakuutupia mji wa Taif kwa manjaniki, na jiwe la manjaniki halichagui?" Jawabu ni kuwa, kwa mapokezi ya sira, manjaniki hiyo ilielekezwa ngome ya jeshi lililokuwa likipigana, katika vita vilivyotangazwa, chini ya amri ya kiongozi anayejulikana. Haikufichwa sokoni, wala haikufukiwa penye njia ya wasafiri. Mwenye kukisia barabara ya watu na ngome ya vita amekosea kiasi chake tangu mwanzo.

Na huenda akasema mwengine: "Sisi tumedhulumiwa." Kweli, dhulma iko. Wako vijana wa pwani waliochukuliwa pasipo kufikishwa mahakamani, na jamaa zao hata leo hawajui waliko. Hiyo ni dhulma, na ni wajibu wetu kuisema wazi mbele ya wenye mamlaka. Lakini Qurani imetufundisha katika Suratul Maida kwamba kuwachukia watu kusitutoe katika uadilifu, na katika Suratul An-am kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyengine. Mtoto wa Lamu hakumteka mtu.

Ndugu zangu, sitamaliza pasipo kuikiri taksiri yangu. Miaka iliyopita kijana mmoja wa safu ya mbele aliniuliza swali mfano wa hili. Nikaogopa. Nikamwambia, "Nyamaza, siasa haisomwi hapa." Akanyamaza, na hakurudi tena darsani. Swali lake akalipeleka kwa wengine, nao wakamjibu. Baadaye mama yake alinijia kunieleza kuwa mwanawe amevuka mpaka. Mama huyo hajui kama amwombee dua ya aliye hai au ya maiti. Kila nimwonapo najua kuwa mimi nami nilichimba shimo, maana niliuacha mlango wazi nami ndiye niliyekuwa bawabu.

Kwa hivyo nawausia walimu wenzangu, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe: kijana akiuliza, mjibuni, hata kama swali latisha. Nanyi wazazi, wajueni marafiki wa wana wenu na wasikilizeni kabla hajawasikiliza mwengine. Nawe kijana, ukiitwa kwenda kutega moto, mwulize akuitaye: "Utapita juu yake nani?" Akikosa jawabu, wewe umepata jawabu lako.

Utanzu wa chini kabisa wa imani ni kuliondoa jiwe njiani. Aliyeshindwa na huo, hana ngazi ya kupandia ule wa juu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie wana wetu na njia zetu. Amin.