Ndiyo Kanuni

Mwezi uliopita msichana wa Kidato cha Kwanza alitolewa nje ya darasa kwa sababu ya swali. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni kwamba hasi mbili mara hasi tatu ni chanya sita. Msichana akanyoosha mkono, akasimama, akauliza kwa Kiswahili kwa nini inakuwa chanya. Akajibiwa: ndiyo kanuni. Akauliza tena: nani aliiweka? Kipindi kilichobaki alikimalizia chini ya mwarobaini, daftari mkononi. Dirisha la ofisi ya walimu linatazama mti ule, na mimi nilikuwa pale nasahihisha.

Jioni tulibishana mimi na mwalimu huyo, mwenzangu, mpaka chai ikapoa. Si mtu mbaya. Anawahi kazini kuliko wengi wetu. Kwake yeye msichana alikosa mara mbili: kwanza kuuliza kwa Kiswahili katika shule inayofundisha kwa Kiingereza, pili kumhoji mwalimu mbele ya wenzake. Kosa la kwanza naliacha, maana mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili hawezi kuanza kushangaa kwa lugha nyingine kwa sababu tu amebadilisha sare. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Hisabati ni nini, na ukweli wake unakaa akilini au nje ya akili, hayo yamebishaniwa tangu enzi za Plato na sina la kuongeza. Linalonisumbua ni neno letu wenyewe, kanuni. Tunalitumia kwa mambo mawili yasiyofanana. Zipo kanuni za shule: sketi ishuke chini ya magoti, kengele ikilia uwe mstarini. Ipo pia kanuni ya kutafuta eneo la duara. Za shule zina mwenyewe, na wenyewe wakikaa kikao kesho wanaweza kuzibadili. Ile ya duara mkuu wa shule hana uwezo nayo. Hata ukitoka waraka wizarani, duara halitaongezeka ukubwa. Mtoto anayetii kanuni za shule ana nidhamu. Anayeitii ya duara kwa sababu tu kaambiwa, huyo hajafundishwa Hisabati. Amefundishwa nidhamu kwa mara ya pili.

Ndiyo maana swali la "nani aliiweka" naliona ni swali zuri kuliko yote niliyosikia mwaka huu. Kwenye Historia mtoto hana budi amwamini aliyeandika. Kwenye Kemia, maabara ikiwa tupu, hana budi aamini kitabu. Kwenye Hisabati mtoto wa miaka kumi na nne anaweza kumwambia mwalimu wake kwamba mstari wa tatu umekosewa, mwalimu akatazama, akafuta, akaendelea, na heshima ya mtu isipungue. Sijui mahali pengine katika malezi yetu ambapo mdogo hupewa nafasi hiyo. Msichana yule alinyang'anywa nafasi hiyo katika somo lenyewe linalompa.

Wapo wanaosema darasa lina watoto themanini na vipindi ni vichache. Ni kweli, na wana haki ya kulalamika. Wapo wanaosema mtu hutumia kitu kabla hajakielewa, kama tunavyoongea kabla ya kujua sarufi; nalo nalikubali. Lakini kuna jibu moja ambalo nimelisikia katika kila shule niliyofundisha, na jioni ile nililisikia tena: mtihani hauulizi kwa nini.

Jibu hilo linanichoma kwa sababu linajifanya la kiutu uzima. Anayelisema huonekana ndiye anayewajali watoto, na anayetaka kueleza huonekana anacheza na maisha yao. Basi tuupime huo mtihani. Hisabati ni somo la lazima mpaka Kidato cha Nne. Katika matokeo ya mwaka 2023 na ya 2024, waliofaulu somo hili walikuwa kama robo tu ya watahiniwa. Hawa ndio tuliowafundisha kwa mitihani iliyopita, kwa tuisheni ya Jumamosi, kwa kukariri. Tumeitoa kafara "kwa nini" ili tupate alama, na alama hatukuzipata. Mkulima aliyeuza jembe ili anunue mbegu, kisha mbegu zisiote, hawezi kumfundisha jirani yake kilimo.

Na si hivyo tu. Njoo ukae nami na rundo la madaftari. Swali linasema: hasi tatu toa tano. Daftari la kwanza, chanya nane. La pili, chanya nane. La saba, chanya nane, imepigiwa mstari mwekundu kwa rula. Watoto hawa si wazembe. Wanakumbuka vizuri kabisa walichoambiwa, kwamba hasi na hasi ni chanya. Hawakuambiwa sababu, kwa hiyo hawana namna ya kujua kwamba maneno yale ni ya kuzidisha na si ya kujumlisha. Mtoto mwenye deni la shilingi mia tatu dukani, akikopa mia tano nyingine, anajua anadaiwa mia nane. Akiingia darasani anaandika kwamba ana mia nane mfukoni. Mtihani hauulizi kwa nini, sawa, lakini kila swali lake linamkamata asiyejua kwa nini. Karatasi yenyewe inamwamuru mtahiniwa aoneshe njia. Njia ni nini kama si sababu zilizopangwa mstari kwa mstari?

Na hata kama wote wangefaulu kwa kukariri, bado ningelalamika. Mtu aliyezoea kwa miaka minne kukubali namba bila kuambiwa zimetoka wapi, ndiye kesho atakayewekewa mkataba wa mkopo mbele yake, riba imeandikwa kwa mwezi badala ya mwaka, naye atatia saini.

Tena swali la msichana lina ukoo mkubwa. Brahmagupta, Mhindi, mwaka 628 aliandika kanuni za namba hasi akiziita madeni, na chanya akaziita mali. Deni mara deni, akasema, ni mali. Karibu miaka mia mbili baadaye, Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu kilichotupa neno aljebra, naye hakuziingiza hasi. Alipanga milinganyo yake katika aina sita ili kila upande ubaki na kiasi halisi. Mwaka 1758, huko Uingereza, Francis Maseres alichapisha kitabu akitaka namba hasi ziondolewe katika aljebra kwa sababu zinatia giza. Kutoka Brahmagupta hadi Maseres ni miaka 1,130, na watu wazima wenye elimu walikuwa bado wanauliza alichouliza mtoto wetu. Hakuna aliyewasimamisha chini ya mwarobaini.

Mimi darasani huandika hivi: tatu mara hasi mbili ni hasi sita, mbili mara hasi mbili ni hasi nne, moja mara hasi mbili ni hasi mbili, sifuri mara hasi mbili ni sifuri. Kisha naweka chaki chini. Watoto wenyewe huona majibu yanapanda kwa mbili mbili, na mmoja wao husema kinachofuata kabla sijaandika.

Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: je, akisimama mwingine akaniuliza kwa nini mpangilio uendelee? Jibu la kweli ni kwamba tumetaka uendelee. Tumetaka namba hasi zifuate sheria zilezile za kuzidisha na kujumlisha tulizozizoea kwenye machungwa. Tukikataa, hesabu tulizokwisha kuzijua zinaanza kupingana na hizi mpya. Basi kumbe kuna walioiweka, ni watu. Hapo tofauti yangu kati ya kanuni za shule na kanuni ya duara inaanza kulegea, na mwenzangu, kwa namna ambayo hakuikusudia, alikuwa na kipande cha ukweli. Je, kuchagua ambako njia nyingine zote zinabomoa nyumba bado ni kuchagua? Nimeligeuza hilo wiki tatu sasa sijalimaliza. Ninachokijua ni kwamba msichana angeweza kuoneshwa nyumba hiyo na akaambiwa kwamba hapa ndipo watu walipofika, na hapa ndipo walipoamua.

Nimemwomba mwenzangu aniachie kipindi kimoja tu na darasa lile la Kidato cha Kwanza. Bado hajanijibu.